Kiwanja cha Umma Kisichojengwa: Nani Ana Haki ya Kujua?

SWALI: Mhariri, mtaani kwetu Nakuru kuna kiwanja cha takribani nusu ekari ambacho wazee husema kilitengewa shule ya chekechea mtaa ulipopimwa. Hakijajengwa hadi leo, na majuzi mtu tusiyemjua amechimba mashimo ya nguzo za ua. Afisi moja tuliyoiendea ilitujibu kwamba taarifa za ardhi ya umma hazitolewi kwa kila mtu. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, ndugu msomaji, na jibu hilo limenisikitisha. Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia wa Kenya haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaiagiza Tume ya Kitaifa ya Ardhi kuitambua ardhi yote ya umma na kutunza kumbukumbu zake, pamoja na mahali hasa ilipo.

Andikeni barua, kwa Kiswahili mkipenda, kwa Tume hiyo na kwa serikali ya kaunti, mkitaja nambari ya kiwanja na kuomba nakala ya ramani ya mpango wa mtaa pamoja na maelezo ya matumizi yaliyokusudiwa. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, kuwasilisha ombi hakulipiwi, ingawa mnaweza kutozwa gharama ya nakala, na afisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Sababu zenu za kuuliza haziwapunguzii haki hiyo. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana siku zinahesabiwa kuanzia hapo.

Msingoje ua ukamilike. Ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilionyesha jinsi viwanja vilivyotengewa shule, barabara na masoko vilivyogawiwa watu binafsi bila majirani kuarifiwa, na kwa maoni yangu kiwanja kitupu ndicho rahisi zaidi kunyakuliwa, kwa kuwa hakina mwalimu wala mgonjwa wa kukilalamikia. Ningependa kila kiwanja cha aina hiyo kiwekewe kibao chenye nambari yake na matumizi yake, maana mama anayepita hapo akienda sokoni hatafika masjala ya ardhi.

Mkinyimwa taarifa, pelekeni ombi la mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya afisi za umma, ndani ya siku 30, mkiambatanisha ile nakala yenye muhuri.