Kumtisha Mtu wa Kusini Hakuhitaji Ndoo ya Damu

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia inbox. Anataka kupiga muvi fupi ya vampaya hukohuko kwao, na swali lake lilikuwa moja tu: damu bandia nzuri anaipata wapi? Nilimjibu kwa kifupi, lakini najua wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo, kupiga muvi ya kutisha huku kusini bila kuhamia Dar. Kwa hiyo nijibu kwa mapana.

Damu ni rangi nyekundu ya chakula, sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, na kahawa kidogo isije ikang'aa kama pipi. Imeisha hiyo. Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Mimi nimekulia Magomeni, Mtwara mjini, na shule yangu ya sinema ilikuwa kibanda umiza. Mabati juu, mabenchi yasiyo na mgongo, jenereta linanguruma nyuma. Muvi zilikuwa za kutafsiriwa, na DJ, yule anayetafsiri kwa kusemea juu ya muvi, alikuwa haachi hata pumzi ipite. Vampaya anamwinamia mtu shingoni, DJ anasema "oya mwanangu, leo unaliwa." Tulikuwa tunacheka mpaka tunadondoka. Meno, damu, majoho meusi, hakuna aliyetishika.

Halafu wakaleta Salem's Lot, ile ya 1979 aliyoiongoza Tobe Hooper kwa ajili ya televisheni. Kuna mtoto amepotea. Usiku anarudi, yuko nje ya dirisha la kaka yake, anaelea kwenye ukungu, anatabasamu na kukwaruza kioo kwa kucha. Anataka afunguliwe. Na DJ akanyamaza! Mpaka leo sijui alikosa cha kusema au na yeye alikuwa ameshikwa. Tukabaki na ule mkwaruzo tu. Kijana aliyekaa mbele yangu, mbabe wa mtaa mzima, aliingiza kichwa ndani ya fulana kama kobe.

Dirisha la kwetu halikuwa na kioo hata kidogo, ni nondo, wavu wa mbu na mbao za kufungia. Usiku ule nilizifunga mbao, na ilikuwa Desemba, mnalijua joto la Mtwara kabla mvua hazijakolea. Mama akaamka amelowa jasho, anauliza nani anataka kutuua humu ndani. Nikajifanya nimelala. Mama, kama unasoma, ni mimi.

Nilipokua nikaja kusoma jinsi tukio lile lilivyopigwa. Yule mtoto hakuning'inizwa kwa waya, alibebwa na mkono wa kreni, na picha ikapigwa kinyumenyume ndiyo maana ukungu unakwenda ovyo. Damu hakuna. Kinachokutisha ni kwamba anayebisha ni mtu wa nyumbani, na anayetakiwa kufungua ni wewe.

Wakubwa wote walilijua hili. Nosferatu ya F. W. Murnau, muvi ya Ujerumani ya 1922, ni bubu, haina hata mlio wa mlango. Lakini kile kivuli kinachopanda ngazi, na vidole virefu vinavyonyooka kuelekea mlangoni, bado kinafanya kazi baada ya miaka mia moja. (Hata ile habari ya jua kummaliza vampaya imetoka humo. Kwenye riwaya ya Bram Stoker ya 1897, Dracula anatembea mchana kama mimi na wewe.) Au tazama Let the Right One In, ya Sweden, 2008. Mauaji ya kwenye bwawa la kuogelea yote yanafanyika juu, na kamera imebaki chini ya maji na mtoto aliyezamishwa. Unaona miguu inaburutwa, kisha kinadondoka kitu ambacho hukutaka kukiona. Basi.

Sasa fikiria sisi. Kwa Wazungu vampaya haingii nyumbani mpaka akaribishwe. Ndugu zangu, kuna watu duniani wanaokaribisha kuliko sisi? Bibi yangu alitukanya kila siku tusiitikie wito wa usiku kabla hatujajua ni nani, lakini yeye mwenyewe ukisema hodi, "karibu" imeshamtoka.

Humo ndimo nilimotoa muvi yangu. Mwezi uliopita tuliionyesha Mikindani, uani kwa mtu, shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima. Bibi anamenya muhogo, kisu kinakwenda taratibu, ganda linaanguka kwenye ungo. Nje sauti ya upole inasema hodi. Bibi hainui hata macho. Midomo yake inafunguka tu, na kina mama waliokuwa mbele wakapiga kelele, "Usimkaribishe!" Mmoja alisimama kabisa, mkeka ukajikunja. Nilikuwa nyuma nimeziba mdomo kwa kucheka.

Kuna bwana mmoja wa Dar niliyempelekea script hiyo mwanzoni. Aliniambia horror ya Mtwara haina mtazamaji, niongeze damu na ngumi. Nimemtumia video ya wale kina mama. Tiki za bluu zipo, jibu hakuna. Wala sisubiri. Nasubiri kidogo.

Kwa hiyo, dada, anza na mlango. Nyamazisha muziki. Usimwonyeshe mnyonya damu mapema, ikiwezekana usimwonyeshe kabisa. Mlango kwanza, nasema tena.

Na hili nalisema kwa ukali kidogo. Huku kwetu hadithi ya mumiani, wale wanaosemwa wanakamata watu na kuwatoa damu, si ya kwenye skrini, wapo wazee wanaoijua ikiwa na gari na sindano. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulifanya makundi ya watu yaue wenzao, na Umoja wa Mataifa ukahamisha wafanyakazi wake kutoka baadhi ya maeneo. Kabla hujapiga picha usiku kijijini, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukiwa na waigizaji wako, wajulikane sura. Usimvike mnyonya damu wako koti la daktari. Na nyie mnaokata vipande vya muvi zenu mkavirusha kwenye magrupu ya WhatsApp bila kuandika kwamba ni igizo, mkidhani ndiyo matangazo, acheni mara moja.