“Mama, Mvua Iko Wapi?”: Waipa za Kujiwasha Zenyewe Kwenye Barabara ya Moshi

Trafiki alinisimamisha kabla sijaingia Boma Ng'ombe, saa tano asubuhi, jua kali, lami inameremeta kwa mbali kama ina maji na haina hata tone. Alizunguka gari, akatazama matairi, akaja dirishani. Leseni hakuomba. Alisimama tu akizitazama waipa zangu zinavyopiga kwa kasi ya mafuriko, kushoto kulia, kushoto kulia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: “Mama, mvua iko wapi?”

Nilicheka naye, ningefanya nini. Lakini zilikuwa zimeshapita wiki tatu gari likiwa na wazimu huo, na kila nikizima waipa najisahau, mkono unarudisha pale pale kwenye AUTO kwa mazoea. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyenunua gari la namba E, ukakuta neno hilo AUTO kwenye mkono wa waipa mahali ambapo gari lako la zamani lilikuwa na INT, ile ya kufuta kwa vipindi. Magari haya yamejaa mjini siku hizi, na mafundi wetu wengi bado wanajifunzia kwetu.

Niseme kwanza kwamba siyachukii. Gari langu lilitoka Japani, kitabu chake ni cha Kijapani, na kila asubuhi nikiwasha kuna mama wa Kijapani ananisalimia kwenye spika kuhusu kadi ambayo sina. (Namjibu “Nzuri, habari za huko,” tukaendelea na safari.) Hiyo AUTO niliigundua kwa bahati, masika, mvua ilipotushukia kutoka Meru nikiwa Tengeru. Niliusukuma mkono mara moja, waipa zikafuta, zikasikiliza, zikaongeza kasi zenyewe. Nikapita Usa River nikijisikia nimeendelea.

Anayeipita njia hii mara mbili kwa wiki kama mimi ataelewa kwa nini niliipenda. Ni kilomita 80 hivi kutoka Arusha hadi Moshi, lakini unapita hali ya hewa tatu. Njiro unaondoka na jua, Tengeru na Usa River unakuta mvua, ukivuka Kikatiti kuelekea njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA ni vumbi na vimbunga vidogo vinavyozunguka porini, halafu Kwa Sadala mawingu ya Kilimanjaro yanakumwagia rasharasha. Kwa gari la zamani mkono haupumziki. Kwa hili nilikaa miaka miwili bila kuigusa waipa.

Kisha lori la kokoto likanirushia jiwe Kikatiti. Kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona hadi kona.

Nilibadilishiwa kioo Arusha, kwa fundi ambaye kazi ya kioo anaijua, sina ugomvi naye hapo. Kimekaa vizuri, hakivuji hadi leo. Tatizo lilikuwa kile kidude kinachoziamuru waipa zifute, kinachokaa juu katikati, nyuma ya kioo cha ndani cha kuangalizia nyuma. Alikibandua kwenye kioo kilichovunjika akakibandika kwenye kipya kwa silikoni ya dukani, ile ile tunayozibia masinki. “Kimeshika, dada, hakitoki.” Ni kweli, hakikutoka. Na kuanzia siku ile waipa zikawa zinafuta mchana kweupe, na ikinyesha kweli zinasitasita kana kwamba zinaomba ruhusa.

Nilihangaika. Mmoja akasema mota ya waipa imekufa, mwingine akasema swichi, wa tatu akataka kubadilisha kompyuta nzima ya gari. Shemeji yangu akasema niuze. Aliyenifungua macho ni kijana fundi umeme kule Moshi, ambaye kabla hajagusa waya hata mmoja aliniuliza: “Kioo hiki ni cha kwake, au kilibadilishwa?” Nikamwambia. Akachukua simu, akawasha tochi, akasimama nje akamulika pale juu katikati ya kioo. “Njoo uone, mama.”

Nilisogea. Kwenye lile eneo dogo, kati ya kioo na kidude, kulikuwa na mapovu. Mapovu mengi madogo, kama mafuta yanapoanza kushika moto kwenye karai kabla hujatia andazi.

Akanichorea kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Mstari mmoja, hicho ni kioo. Chini ya mstari nukta mbili: moja taa, nyingine jicho. Taa inatoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, infraredi, na unaingia kwenye kioo kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu, mwanga unagonga upande wa nje, unashindwa kutoka, unarudi ndani na kupokelewa na lile jicho. Tone la maji likikaa juu ya kioo, mwanga unapata njia ya kutokea na sehemu yake inapotea. Ukirudi pungufu kidogo, waipa inafuta mara moja. Ukirudi pungufu sana, inaongeza kasi. “Haioni mvua, mama,” akasema akijifuta kidole kwenye ovaroli. “Inaona mwanga umepungua.”

Sentensi hiyo moja ingeniokolea wiki tatu. Sensa, yaani kile kidude (si ile ya watu na makazi ya 2022, hii ni ya gari), haijui mvua ni nini. Na eneo inalolitazama ni dogo mno, vifuniko vichache tu vya soda. Kioo chote kilichobaki, kile unachochungulia wewe, haina habari nacho. Ndiyo maana unaweza kuwa huoni mbele kwa maji na yenyewe imetulia, kwa sababu pale kwake pamepata matone machache. Na ndiyo maana chochote kinachochezea mwanga pale, kiwe povu la hewa kwenye gundi, tope, ufa au mafuta, kinaweza kuhesabiwa kuwa mvua.

Kati ya kidude na kioo panatakiwa pawe na kipande cha jeli angavu, laini, kilichoshika bila hewa hata kidogo. Kikishabanduliwa, mara nyingi hakirudi vizuri. Kwa hiyo siku utakayobadilisha kioo, muulize fundi mapema: jeli mpya unayo? Kama hana, agizeni kwanza, gari lisubiri. Uliza pia kama kioo anachokuletea ni cha gari lenye sensa, maana kile huwa na kidirisha kilicho wazi katikati ya ule weusi wa juu. Cha gari lisilo na sensa kinaweza kukosa. Na kama gari lako lina kamera pale juu, ya kufuatilia mistari ya barabara, hiyo nayo huenda ikahitaji kupangwa upya kwa kompyuta. Usikubali kuambiwa “itazoea.”

Kabla hujalipa, fanya jaribio. Chukua chupa ya kunyunyizia maji kama ile ya saluni, washa gari, weka AUTO, nyunyiza pale juu katikati. Waipa zifute. Acha kukauke. Waipa zitulie. Dakika mbili tu, na fundi mwenye uhakika na kazi yake hatakasirika.

Yote haya yangekuwa usumbufu wa kawaida kama si vumbi. Hapa ndipo nilipoumia.

Vumbi letu la huku limetoka kwenye ardhi ya volkeno. Lichukue kati ya vidole ulisugue, utasikia linakwaruza. Sasa fikiria mpira wa waipa unaburuza vumbi hilo juu ya kioo kikavu, bila maji, mara arobaini kwa dakika, wiki tatu. Kioo kilikuwa kipya! Mchana wa kawaida huoni kitu. Lakini barabara hii inakwenda mashariki na magharibi: asubuhi naelekea Moshi jua liko usoni, jioni narudi Arusha jua limenitangulia na liko usoni tena. Mwanga ukipiga kioo kwa pembe ile, mikwaruzo yote inawaka, upinde juu ya upinde, na bodaboda asiye na taa anapotelea humo ndani. Mara moja pale Maji ya Chai nilimwona mtu wa baiskeli akiwa ameshafika ubavuni.

Kwa hiyo kiangazi mimi nazima kabisa. Sipunguzi, nazima. Wako watakaokwambia uzungushe ile pete ndogo kwenye mkono wa waipa upunguze ukali wa sensa, na pete hiyo ni kitu kizuri, wengi hatujui hata kazi yake. Wakati wa mvua ichezee mpaka upate kiasi chako. Lakini kwa vumbi isikutulize, zima.

Tope nalo lina adabu yake. Umefuatana na lori baada ya mvua, linakumwagia uji wa rangi ya kahawia kioo kizima. Waipa ya AUTO inaruka papo hapo na kuupaka ule uji vizuri kabisa mbele ya macho yako, nawe uko kilomita themanini kwa saa. Kinachotakiwa pale ni maji kwanza. Nikikaribia lori siku ya tope mkono uko tayari kwenye ule mkono wa waipa, nauvuta kwangu, maji yanatoka na waipa zinafuta pamoja nayo. Maana yake ni kwamba tangi la maji lisiwe tupu, na la kwangu lilikuwa tupu miezi, sikatai. Sabuni ya unga usitie, inaacha utando na inaweza kuziba vile vitundu vya kurushia maji.

Ukungu na manyunyu ya Juni na Julai, hasa ukipanda Kibosho au Marangu: usiitegemee. Vitone ni vidogo mno, sensa inachelewa kushtuka, na ikishtuka inafuta kioo ambacho hakijalowa vya kutosha, inabaki michirizi. Futa mwenyewe, mara moja moja.

Halafu kuna kuosha gari, na hili naomba lichukuliwe kwa uzito kuliko yote kwa sababu ni vidole vya mtoto wa mtu. Gari likiwa limewashwa na waipa iko AUTO, anayeosha akipitisha kitambaa kibichi pale juu katikati, kwa gari hilo ni mvua. Kwangu ilitokea Sakina. Niliacha gari limewashwa nisikilize redio, chalii akainama kufuta kioo, waipa ikampiga mkononi. Hakuumia sana, alicheka, akasema “gari lako lina hasira, mama.” Mimi niliona aibu kutwa nzima. Zima waipa kabla hujakabidhi gari, au zima gari lenyewe, ufunguo mkononi.

Na hao hao vijana, waombe wasikupake dawa ya dashibodi kwenye kioo, wala kitambaa kilichotoka kufuta matairi kisipande juu. Mafuta yale yanafanya maji yajikusanye vitone vitone, sensa inachanganyikiwa na wewe usiku huoni kitu. Mimi pale juu napafuta kwa maji ya sabuni, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo, mara moja kwa wiki. Stika pia: ya Nenda kwa Usalama ikae kona ya chini. Nimeona gari Kilombero, hapa Arusha, stika imebandikwa juu ya sensa yenyewe, mwenye gari analalamika waipa mbovu.

Mipira ya waipa nabadilisha kila masika yanapokaribia. Jua la huku linaikausha mpaka inakuwa ngumu kama ukingo wa ndoo, na sensa iwe na akili vipi haiwezi kufuta kwa mpira uliokufa.

Mpwa wangu, ambaye anajua kila kitu, ananiambia Tesla wameachana na sensa ya namna hii, wanatumia kamera kutambua mvua. Sawa. Nikamwambia mwanamke mmoja wa Alabama, Marekani, Mary Anderson, alipewa hataza ya waipa mwaka 1903, na yake dereva aliivuta kwa liva akiwa ndani ya gari, kwa mkono wake. Mkono huo ulijua mvua ni nini.

Jeli yangu iliagizwa, ikaja, yule kijana wa Moshi akaibandika polepole akiikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni, na waipa sasa zina adabu. Kioo chenye mikwaruzo bado ninacho. Cha pili kwa mwaka mmoja sina hela yake. Kwa hiyo nikirudi Arusha jioni, nikifika Boma Ng'ombe naegesha, naagiza nusu kilo na ndizi za kuchoma, nakula taratibu mpaka jua lizame nyuma ya Meru. Mwenye banda ameshanizoea. Akiniona tu anatia nyama kwenye moto.