Aina ya Maji katika Pokémon: tazama aina ya pili kabla hujamwamini

Pokémon ni mchezo wa video wa kufuga viumbe na kuwapiganisha, kila kiumbe na kila pigo likiwa na aina yake. Mtoto aliyekulia Mkoani au Nungwi, bahari ikijaa na kupwa mbele ya macho yake kila siku, akiwekewa Pokémon watatu wa kuanzia, wa Moto, wa Majani na wa Maji, si ajabu mkono wake ukenda kwa wa Maji. Chaguo ni zuri. Ila wengi humchagua kwa kudhani kwamba Maji hupiga sana, wakija kukutana na Joka au Majani pigo halisogei hata robo ya uhai, wakaona wamedanganywa. Ubora wa aina hii ni uchache wa maadui zake, na uchache huo hubadilika kabisa pale Pokémon anapokuwa na aina ya pili.

Majina ya aina nayaandika kwa Kiswahili, na majina ya mapigo nayaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Mwenye Maji peke yake, mfano Vaporeon au Blastoise, huumizwa mara mbili na aina mbili tu kati ya 18 zilizopo: Majani na Umeme. Moto, Maji, Barafu na Chuma humuumiza nusu. Yeye naye akipiga kwa Maji, Moto, Ardhi na Mwamba huumia mara mbili, lakini Maji wenzake, Majani na Joka huumia nusu. Juu ya hayo, kila Pokémon anayetumia pigo la aina yake mwenyewe huongezewa mara 1.5. Kwa hiyo Surf, pigo la Maji lenye nguvu 90, inakuwa 135 mikononi mwa Vaporeon, na ikimpata Onix wa Brock, bingwa wa kwanza wa kupigana naye kule mji wa Pewter, aliye Mwamba na Ardhi kwa pamoja, inazidishwa mara nne kufikia 540. Ndiyo maana Brock huonekana mwepesi kwa aliyeanza na wa Maji. Surf hiyo hiyo kwa Pokémon wa Majani inashuka mpaka 67.5.

Dawa inayojulikana ni kumfundisha wa Maji Ice Beam, pigo la Barafu. Ina nguvu 90, haiongezewi 1.5 kwa kuwa si aina yake, lakini kwa Majani na kwa Joka inakuwa 180. Nasema wazi kwamba Pokémon wa Maji anayetegemea mashambulizi maalumu (nitayaeleza chini) na hana pigo la Barafu hajakamilika. Hata hivyo dawa hii haitibu kila kitu. Ferrothorn ni Majani na Chuma, na Chuma hupunguza Barafu nusu, kwa hiyo Ice Beam inamgusa kwa kiwango cha kawaida tu. Rotom wa mashine ya kufulia ni mbaya zaidi: ni Umeme na Maji, Barafu na Maji zote zinamfikia nusu, na kwa kuwa anaelea, mapigo ya Ardhi hayamgusi. Huyo huondoshwa kwa Majani, kwa hiyo lazima uwe na mwenzake kwenye kikosi anayebeba pigo hilo.

Sasa aina ya pili, maana hapa ndipo watu wanapopotezea mechi.

Maji na Ardhi, kama Swampert, Quagsire na Gastrodon: Umeme haumuumizi hata kidogo, kwa sababu Ardhi ina kinga kamili dhidi yake. Anabaki na udhaifu mmoja tu, Majani, lakini huo ni mara nne. Pigo dogo la Majani ambalo hukulihesabu linammaliza akiwa na uhai kamili. Mpe Rindo Berry, tunda linalopunguza nusu ya pigo moja la Majani kisha likaisha. Hapo mara nne inakuwa mara mbili, na mara nyingi hiyo inatosha kumpa zamu moja ya kujibu.

Maji na Anga, kama Gyarados na Pelipper, mambo yamegeuka: Majani humuumiza kawaida, Ardhi haimgusi, lakini Umeme ni mara nne, na Mwamba mara mbili. Udhaifu wa Mwamba hudharauliwa. Adui akishatandaza Stealth Rock, pigo linaloacha mawe upande wako wa uwanja, kila Gyarados anapoingia uwanjani anapoteza robo ya uhai wake kabla hajafanya lolote. Ukimwingiza mara mbili, nusu imekwenda bure. Kuwepo na mtu wa kuyaondoa mawe hayo si anasa. Kwa Umeme tunda lake ni Wacan Berry.

Maji na Joka, kama Kingdra na Palkia, ndio mchanganyiko ninaouona bora kuliko yote. Umeme na Majani zote zinarudi kuwa za kawaida, Moto na Maji zinashuka mpaka robo. Kabla ya 2013 aliyemtisha alikuwa Joka mwenzake peke yake. Mwaka huo ikaongezwa aina ya Kichimbakazi (Fairy), na sasa wako wawili. Empoleon wa Maji na Chuma anaondokana na Majani lakini anajiongezea Ardhi na Ngumi, na Umeme bado uko pale pale. Lanturn, wa Maji na Umeme, anaogopa Majani na Ardhi tu. Mwenye kipaji (uwezo wa kuzaliwa nao) cha Volt Absorb, pigo la Umeme humrudishia robo ya uhai.

Kosa jengine linatokana na kutotazama namba za Pokémon mwenyewe. Tangu matoleo ya Diamond na Pearl ya 2006, kila pigo lina upande wake, la mwili au maalumu, na kila Pokémon ana namba yake kwa kila upande. Gyarados ana 125 kwenye mashambulizi ya mwili na 60 tu kwenye mashambulizi maalumu. Ukimpa Surf, ambayo ni maalumu, umemfunga mikono. Lake ni Waterfall, nguvu 80, pigo la mwili, tena lina nafasi ya asilimia 20 ya kumshtua adui asipige zamu hiyo. Swampert naye ana 110 kwa 85, kwa hiyo Waterfall na Earthquake (la Ardhi), yote ya mwili, kwanza. Ama Hydro Pump, nguvu 110 inavutia macho, lakini hupata mara 80 kwa 100. Wastani wake ni 88, chini ya Surf isiyokosea. Itumie pale tu unapojua kwamba Surf itamwacha adui na uhai kidogo na Hydro Pump itammaliza.

Katika kupanga kikosi, usimpe wa Maji mwenza anayeogopa kile kile. Skarmory, Chuma na Anga, anaonekana anafaa, kwani Majani humfikia robo tu, lakini yeye pia huumizwa mara mbili na Umeme, na adui mwenye Thunderbolt (pigo la Umeme) moja atawachukua wote wawili. Garchomp, Joka na Ardhi, anabadilishwa kuingia pigo la Umeme linapokuja, bila kuumia. Mtu wa Moto anaingia kwenye Majani. Wa Maji naye anaingia kwenye Barafu anayoiogopa Garchomp na kwenye Maji anayoyaogopa wa Moto. Watatu hao wanazungukana vizuri.

Halafu mvua. Pelipper na Politoed wenye kipaji cha Drizzle huileta wanapoingia tu. Mapigo ya Maji yanaongezeka mara 1.5, ya Moto yanashuka nusu, na mwenye Swift Swim, kama Kingdra, mbio zake zinakuwa mara mbili. Mvua hukaa zamu 5, au 8 ukimpa mleta mvua jiwe la kushika, Damp Rock. Zihesabu kwa vidole: ukimwingiza Pelipper kwa kumbadilisha katikati ya mechi, zamu hiyo nayo imehesabiwa, zimebaki nne. Na mvua haimjui mwenyewe. Thunder, pigo la Umeme ambalo kwa kawaida hupata mara 70 kwa 100, kwenye mvua haikosi. Ukileta mvua mbele ya adui wa Umeme umemnolea kisu. Pia ukitegemea pigo la Moto kumchoma Ferrothorn, mvua yako inalikata nusu. Afadhali pigo la Ngumi.

Kwa wanaocheza Pokémon GO kwenye simu, namba ni nyengine. Udhaifu ni mara 1.6, wa pande mbili ni 2.56, na kinga kamili haipo: Umeme kwa Swampert ni 0.625, sio sifuri. Anaumia kidogo, lakini anaumia, na kwenye ligi kidogo hicho huamua mechi. Hali ya hewa hapa ni ile ya nje ya dirisha lako. Masika yakishuka, kuanzia Machi mpaka Mei, na gemu ikaonesha mvua, mapigo ya Maji, Umeme na Mdudu yanaongezewa mara 1.2 kwenye reidi, yaani pambano la wachezaji kadhaa dhidi ya Pokémon mmoja mkubwa. Kwenye mechi za mtu kwa mtu nyongeza hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo usiipangie.

Kyogre, wa Maji, akitokea kwenye reidi siku ya mvua, ukimkamata anakuja leveli 25 badala ya 20. Wengi hukimbilia Majani. Hesabu inasema vyengine: Majani yanapata 1.2 ya aina yake (kwenye GO si 1.5) na 1.6 ya udhaifu, jumla 1.92. Umeme unapata hayo hayo pamoja na 1.2 ya mvua, jumla 2.304. Na Kyogre anaweza kuja na Blizzard, pigo la Barafu linalowaangusha Majani mmoja baada ya mmoja. Jaza nafasi zote sita kwa Umeme, Raikou na Zekrom mbele ukiwa nao, na uwe na wenzako kadhaa, maana peke yako hawezekani.