Ukoo wa makabila mengi: kila upande upewe kazi yake

Ukoo wetu ukikusanyika siku hizi, hakuna kabila linaloweza kusema hapa ni kwangu. Baba ni Mpare wa Usangi, mama Mmakonde wa Newala, dada ameolewa kwa Wachagga wa Marangu, na mdogo wetu wa mwisho katuletea wifi Mhaya kutoka Muleba. Waislamu tumo, Wakristo tumo. Wanaojiandaa kuoana nje ya kabila huniuliza tunawezaje. Mimi huwaambia waachane na maonyesho. Sare ya kitenge na ngoma ya dakika tano ukumbini havijawahi kumfanya mkwe ajione wa nyumbani. Atajiona wa nyumbani siku akigundua kuna jambo hapo haliendi mpaka yeye awepo.

Anzeni na kisu. Kwetu mnyama wa shughuli yoyote, hata Krismasi, anachinjwa na Mwislamu, ndiyo maana baba mkubwa hukaa meza moja na wakwe akala bila kuuliza maswali. Nguruwe haingii kwenye sufuria za ukoo. Anayemtamani anajua kibanda kilipo, na kusema kweli kitimoto cha mtaani ni kitamu kuliko ambacho tungekipika sisi. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, Jumatano ya Majivu inayofungua Kwaresima ikaangukia Machi 5, basi nyumba nzima ikawa mfungoni. Ijumaa tulifuturu mihogo ya nazi na maharage, kwa kuwa Wakatoliki siku hiyo hawagusi nyama.

Chakula ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye nani anasema. Kwa Wamakonde ukoo hufuata mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake. Kwa Wapare na Wachagga ukoo hufuata baba. Binti ya dada alipochumbiwa, baba zake wadogo wa Marangu walijipanga kupokea washenga, na mjomba wetu wa Newala naye akakata tiketi ya basi akiamini shughuli ni yake. Dada alimaliza jambo lile kwa simu kabla ya siku yenyewe: mahari watazungumza baba wadogo, lakini washenga hawatajibiwa lolote mpaka mjomba aulizwe mbele ya wote, na fungu lake litaandikwa kwenye orodha. Ninyi nanyi pangeni mapema. Mzee akinyimwa nafasi yake mbele ya wageni, hata mbuzi kumi hawatamrudisha.

Angalieni pia watoto wanaoangukia katikati. Mtoto wa mama Mmakonde na baba Mpare hugombewa na pande zote mbili. Geuza sasa: baba Mmakonde, mama Mpare. Kwa desturi, kwa baba wataambiwa ninyi ni wa kwa mama, na kwa mama wataambiwa ninyi ni wa kwa baba. Binamu zangu wako hivyo. Wao ndio tunaowaita kwanza kwenye kila kikao, na wao ndio wanaoshika daftari la michango, maana mwenye daftari hakuna anayethubutu kumsahau.

Halafu kuna utani. Wapare na Wachagga ni watani, na shemeji yetu wa Marangu analitumia hilo kila anapoingia mlangoni. Atasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Baba atamjibu kwamba Mchagga akisikia sarafu imeanguka huamka hata kaburini. Wote wanacheka. Ila utani una mipaka yake, na wageni waelezwe mapema. Watani kweli hata msibani wana kazi: wanachekesha wafiwa, wanaiga marehemu alivyotembea, lakini pia wanapika na kubeba maji. Asiye mtani hana ruhusa hiyo. Kuna mtu aliwahi kuchekea chale za usoni za bibi yetu Mmakonde na kusema ni utani tu. Haukuwa utani, yalikuwa matusi, na mama alimwambia hivyo hapo hapo.

Lugha sina maneno mengi. Watoto wa mjini wanaongea Kiswahili na haitabadilika kwa kuwagombeza. Sisi tunawaomba bibi watume sauti kwenye kundi la WhatsApp, salamu moja au kitendawili, na mtoto ajibu kwa sauti yake. Bibi wa Muleba huwa anakosoa matamshi bila huruma, na watoto wanampenda kwa hilo.

Lililobaki gumu ni mazishi. Wachagga huzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo nyumbani, hilo linajulikana. Kwetu sisi linazungumzika, kwa hiyo tunalizungumza wazee wakiwa wazima na wakiwa wanakula, si maiti ikiwa mochwari na mabasi mawili yameshakodiwa kwenda pande tofauti. Mama ameshasema anataka Newala, karibu na mama yake, na wanawe wote tumemsikia. Baba anataka walale wote Usangi. Tukimwambia mama ameshaamua, anajibu kwamba amekata rufaa.