Barua kwa mwanangu: Uzi wa pili

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho mama yako akiwa jikoni anajifanya hasikii. Siwezi kukujibu kwa njia hiyo hiyo. Nikibonyeza kale kamaiki naanza kukohoa, na nikimaliza kukohoa nimeshasahau nilichotaka kusema. Nimechukua daftari. Mdogo wako atapiga picha kurasa hizi akutumie.

Umeniuliza hivi: "Baba, yule baba mdogo mliyemtoa kwenye bendi, usiku ule ulilala?" Kisha ukaeleza kwamba nyinyi nanyi mmemtoa mpiga drams wenu, kwamba alikuwa anachelewa mazoezini na kumtukana binti wa kinanda mbele za watu, kwamba onyesho la kwanza bila yeye lilikwenda vizuri na ukafurahi. Na kufurahi huko ndiko kunakokukosesha raha.

Nililala, mwanangu. Nililala fofofo, na hilo sijawahi kumwambia mtu.

Wewe ulikuwa hujazaliwa, na hadithi uliyonayo ni ya mama yako. Mama yako alimpenda mno yule bwana kwa sababu alikuwa akisifia mlenda wake hata ukiwa umeungua. Sikiliza na ya kwangu.

Tabora uliyokulia wewe ni ya bodaboda. Tuliyoikuta sisi vijana ilikuwa imeshiba dansi: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Shem Karenga mwenyewe alitoka Kigoma kabla ya kung'ara na Tabora Jazz. Sisi tulikuja nyuma yao, tukiokota makombo. Jina la bendi yetu lilikuwa refu kuliko orodha ya nyimbo zetu. Lakini tulikuwa na magitaa matatu, drams, tumba moja yenye ufa, na ukumbi wa kupigia kila Jumamosi pale Ng'ambo.

Mwanamuziki kuhama bendi halikuwa jambo la ajabu. Mbaraka Mwinshehe alitoka Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa kwa pamoja, akiwamo Muhidin Gurumo, walitoka Mlimani Park wakaenda Safari Sound. Mashabiki walinuna, wakapigana vijembe, wakazoea. Kuachwa tulikujua, na kuachwa kuna nafuu yake: aliyeondoka amefuata riziki, nawe uliyebaki una mtu wa kumlaumu. Kufukuza kulikuwa jambo lingine. Kwenye bendi za mashirika, za jeshi na polisi, au ile NUTA ya wafanyakazi, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akiharibu kulikuwa na barua, na kulikuwa na bosi wa kuitia saini. Sisi bosi hatukuwa naye. Tulikuwa wanaume saba na deni la amplifaya.

Na huyo tuliyemtoa ndiye aliyenifundisha gitaa. Alikuwa ananikalisha kwenye benchi uani kwao, anashika vidole vyangu kwa mkono wake na kuvikandamiza kwenye nyuzi mpaka vinaweka mifereji. Alipiga solo, mimi rithimu. Alikuwa akisema solo anapiga hadithi na rithimu anaitikia, na mwitikiaji akisinzia hadithi imekufa. Miaka sita nilimwitikia.

Pombe ilianza kidogo kidogo, kama inavyoanza kwa kila mtu. Kwanza alichelewa. Kisha akakosa harusi moja, nikapiga solo mimi kwa kubabaisha. Kisha akakosa ya pili, nami safari hiyo sikubabaisha sana. Hapo pakumbuke, nitaparudia.

Kilichotufikisha ukingoni ni Urambo. Msimu wa kuuza tumbaku wakulima wa kule walikuwa na pesa, na bendi yoyote yenye akili ilikwenda kuzifuata. Tulifika mchana, tukafunga vyombo, tukaenda kula. Saa mbili usiku ukumbi umejaa, watu wameshalipa kiingilio, gitaa la solo halipo. Tumelitafuta mpaka kwenye buti la gari. Kumbe liko baa ya pili kutoka pale, nyuma ya kaunta, limelazwa juu ya kreti za bia. Ameliweka rehani. Naye amekaa chini yake, amelegea, anatabasamu kama mtu aliyefumwa na mkewe akinunua zawadi. Tulilikomboa kwa pesa za mlangoni, na tulianza kupiga saa tano kasoro. Kuna mzee mmoja alisimama akadai arudishiwe chake, akadai kwa adabu kabisa, na ile adabu yake ndiyo iliyotuumiza kuliko matusi ya vijana.

Gitaa halikuwa lake, unaelewa. Vyombo vilikuwa vya bendi. Wengi wetu hatukuwa na uwezo wa kununua hata seti ya nyuzi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tulikutana sita kwangu, wote tukakubaliana aondoke. Maneno yalikuwa mengi na makali, kila mtu anasema "mimi nitamwambia." Asubuhi tukakaa naye chini ya mwembe nyuma ya ukumbi, na wale mafahali wote wakawa wanahesabu siafu. Mpiga besi alianza kusema kuhusu hali ya hewa. Basi nikasema mimi. Nilisema bendi imeamua. Niangalie nilivyojificha: "bendi imeamua," kama vile bendi ni mtu mwingine aliyenituma, na mimi ni tarishi tu.

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya."

Akaingia stoo, akatoka na lile gitaa. Akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akalipangusa kwa ncha ya shati lake, mbele na nyuma, akaanza kulegeza nyuzi moja moja, taratibu, kama inavyofanywa gitaa linapokwenda kupumzika muda mrefu. Hakuna aliyemwambia aache. Alipomaliza akalilaza kwenye boksi lake na kunikabidhi mimi, si mwingine. Akasema, "Huu uzi wa pili una tabia ya kushuka. Ukaze kidogo kabla hamjaanza." Halafu akauliza Jumamosi tutafungua na wimbo gani. Nikamtajia. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake kwa miguu kuelekea Isevya.

Nikalala usingizi huo niliokuambia. Sababu moja unaijua: nilikuwa nimechoka. Mwaka mzima nilikuwa nalala nikiwaza kesho atafika au hatafika, na usiku ule kwa mara ya kwanza nilijua jibu. Furaha yako naamini ni ya namna hiyo, na hiyo usiipige mijeledi. Mtu akishushwa gunia la mahindi mgongoni hafurahi kwa sababu anayachukia mahindi.

Sababu ya pili ndiyo ninayokuandikia. Jumamosi ile, nani alishika gitaa la solo? Mimi. Tulimtafuta mtu wa rithimu, tukampata kijana hodari, nami nikasogea mbele stejini. Nilikuwa nikiitamani nafasi ile tangu ile harusi ya pili. Pombe yake ilikuwa kweli, Urambo ilikuwa kweli, na wote sita tungemtoa hata kama mimi ningekuwa mpiga tumba. Lakini nilipokuwa nasema chini ya mwembe, ndani yangu kulikuwa na mtu mdogo anasugua viganja. Sijui kama aliniona. Aliponikabidhi gitaa mimi, nilihisi ameniona.

Tukafungua na wimbo ule ule. Kulikuwa na kipande katikati alichokibuni yeye, kama mtu anashuka ngazi haraka kisha anasita kwenye ngazi ya mwisho. Nilikipiga bila kukosea hata sauti moja, na watu wakacheza kama kawaida. Hapo ndipo nilipokasirika, mwanangu. Nilikasirika na wale wachezaji! Nilitaka angalau mtu mmoja asimame katikati ya ukumbi aulize yuko wapi mwenyewe. Hakuna aliyeuliza. Na uzi wa pili ulishuka kabla wimbo haujaisha, kwa sababu nilikuwa nimeona aibu kuukaza.

Sasa tuje kwako, na hapa nitakuwa baba.

Kumtoa mlikuwa sahihi. Kuchelewa kunavumilika, hata mimi nimewavumilia wengi, lakini binti wa watu hawezi kuwa anakuja kazini kutukanwa. Hilo lisikusumbue tena.

Ila umesema kwa haraka haraka, katikati ya mambo mengine, kwamba ulimtoa kwenye kundi la WhatsApp usiku na kumpigia simu asubuhi. Kwa hiyo aliamka akasoma kwenye simu kwamba ameondolewa, kabla hajasikia sauti yako. Mimi nilijificha nyuma ya neno "bendi," lakini angalau nilikuwa mita mbili kutoka alipokaa. Mtafute. Usimwombe msamaha wa kumtoa, maana hutamrudisha na atakuona unamchezea. Mwombe msamaha wa namna ulivyomtoa. Ni vitu viwili, na mtu mzima anavitofautisha.

Umesema pia, nalo ulilipitisha kama mtu anayeficha kidonda, kwamba mpiga drams mpya anakubali kulipwa pungufu. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba mimi nimelisikia, na kwamba wewe mwenyewe ulilitaja bila kuulizwa.

Pesa zake za maonyesho ya mwisho mpe zote, tena wewe mwenyewe, si kwa kumtuma mtu. Sisi ya Urambo hatukumlipa. Tulisema imekwenda kwenye kukomboa gitaa, hesabu ikaonekana safi, na kwa kweli kulikuwa na salio. Na nyimbo alizoshiriki kutunga, mkienda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, kuzisajili, jina lake liwemo. Enzi zetu tulipanda treni mpaka Dar kurekodi Radio Tanzania, na redioni likatajwa jina la bendi tu, basi. Kile kipande cha ngazi kimechezwa redioni miaka na miaka, na hakuna anayejua kilitoka kwenye vidole vya nani. Nyinyi mna sheria tangu mwaka 1999, itumieni.

Unataka kujua kama tulipatana. Hatukuwahi kugombana, kwa hiyo hapakuwa na pa kupatania. Tunakutana sokoni, ananiwahi "Mwangaluka," tunaulizana watoto. Pombe aliacha mwenyewe miaka mingi iliyopita, bila bendi na bila mimi. Mkono wa kushoto sasa unamtetemeka. Ile pesa ya Urambo nilimpelekea miaka tisa baadaye, nikiwa nimeizidisha kwa kadiri shilingi ilivyoshuka. Akaipokea, akaihesabu mbele yangu, akaniambia imezidi, akanirudishia noti moja. Noti hiyo sikuwahi kuitumia. Mama yako aliitumia.

Juzi Alhamisi alipita hapa nyumbani. Nilimwekea ile rekodi yenu ya mwezi wa tatu kwenye simu. Aliiweka sikioni, akafumba macho, akapiga kidole kwenye goti mpaka mwisho. Akasema sauti yako imekomaa. Kisha akasema, "Huyu wa drams anakimbia. Lakini ana mkono, huyu kijana. Mwambie binti amshike."

Nikasema nitakuambia. Sikumweleza kwamba ameshaondoka.

Asali lita tano nimempa kondakta wa basi la asubuhi, ameifunga kwa mpira wa baiskeli. Kaichukue mapema, jua la stendi lisije likaikuta.

Baba yako