Caravan, PC-12 au King Air? Kabla ya kukodi, sema mnatua wapi

Wengi wanaonipigia simu kuulizia ndege ya kukodi huanza na bei, kisha huuliza ipi inakimbia zaidi. Mimi nawarudisha nyuma kidogo: mnatua wapi, na uzito wenu wote ni kilo ngapi, watu pamoja na mizigo? Wakishajibu hayo mawili, nusu ya ndege huwa zimeshajiondoa zenyewe.

Kazi yangu ni kuandaa safari za vikundi vidogo kutoka Arusha: familia, maharusi na wageni wao, mara nyingine bodi ya kampuni inayotaka kwenda kukutania mbugani. Ndege ninazozijadili na wateja mara nyingi ni tatu: Cessna Grand Caravan, Pilatus PC-12 na King Air. Zote ni za pangaboi, na bado nakutana na mtu anayenuna akiliona panga. Hata Bombardier Q400 za ATCL, shirika la ndege la Tanzania, zilipowasili mwaka 2016 kuna waliozibeza mitandaoni kwa sababu hiyohiyo. Mimi sina shida nalo. Kwenye kiwanja kifupi cha changarawe, ambacho mlinzi hutangulia na gari kuwafukuza swala, jeti nyingi hazithubutu kutua.

Tuanze na Caravan, maana ndiyo utakayoiona zaidi ukisimama uwanja wa Arusha au Wilson, Nairobi. Injini moja, mabawa juu ya madirisha, magurudumu yasiyokunjwa. Mabawa yakiwa juu, abiria wote wanaona chini vizuri, na changarawe inayorushwa na magurudumu haiyafikii. Mwendo wake ni kilomita 300 na kitu kwa saa. Arusha hadi Seronera, ndani ya Serengeti, ni kama kilomita 225 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndani ya saa moja mmefika. PC-12 ingewaokolea robo saa hivi. Robo saa hiyo, kwa bei yake, mimi siilipii.

Ila viti 12 vya Caravan si watu 12. Ndege ndogo inahesabu kilo: mafuta, watu, mabegi, vyote kwenye karatasi moja mbele ya rubani. Usione haya ukiambiwa upande mizani, na usipunguze kilo zako kwenye fomu ili upendeze. Kundi la wapiga picha, kila mmoja na begi la lenzi zito kama tofali, nawapangia viti pungufu tangu mwanzo. Tena wote waje na mifuko laini. Mizigo ya Caravan huingia kwenye kasha lililofungwa chini ya tumbo la ndege, lenye milango midogo ya ubavuni. Nimemwona mpakiaji akilijaribu sanduku gumu la magurudumu kwa ubapa, kwa ubavu, kwa kichwa, halafu akamgeukia mwenyewe na kumwambia kwa upole, "Mama, hili litabaki." Nguo zikahamia kwenye mifuko ya kanga palepale kwenye lami.

Kitu kingine ni joto. Uwanja wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Seronera umepita 1,500. Jua likiwa utosini hewa inazidi kuwa nyepesi, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Mchana huohuo ndipo hewa inapowarusharusha juu ya nyanda za Ngorongoro. Rubani akisema tuondoke saa mbili asubuhi, msimbembeleze iwe saa saba eti mmalize kwanza kunywa chai.

Caravan haina choo, na kabini yake haina mgandamizo wa hewa, yaani kadiri mnavyopanda ndivyo hewa ya ndani inavyokuwa nyepesi kama ya nje. Kwa safari ya dakika 50 si neno. Kwa safari ya Dar es Salaam hadi Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000, ni jambo la kukaa mkalizungumza kama ukoo. Hapo Caravan itawaweka angani zaidi ya saa tatu, wakati PC-12 inatumia mbili na kidogo. Ukiwa na bibi mwenye shida ya kifua, au mtoto mchanga, au mzee wa kisukari anayehitaji choo kila mara, usibishane na bei: chukua PC-12, tena uliza kama hiyo mnayopewa ina choo, maana si zote zinacho. Nayo ni ya injini moja, lakini kabini yake ina mgandamizo, inapanda juu ya mawingu mengi, na bado inatua kwenye changarawe. Madaktari wa AMREF, shirika la afya, wanaoruka kutoka Wilson wanaitumia kubeba wagonjwa. Ina mlango mkubwa wa mizigo nyuma, na kwa starehe inachukua watu sita hadi wanane. Kwa wanaokwenda hifadhi ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, kuwaona sokwe, ambako ukishuka kwenye ndege unapanda boti, ndiyo chaguo langu.

King Air ina injini mbili, na ile ya 350 inapita kilomita 550 kwa saa. Nairobi, Entebbe, Kigali, lami hadi lami, inatamba. Mbugani wenye nayo wanasita, kwa sababu kokoto zikirushwa kwenye panga ni hasara yao. Kampuni nyingine zina masharti ya bima yanayodai injini mbili, na hapo mjadala umekwisha. Asiyebanwa na masharti hayo namwambia aulize kwanza kama mwenye ndege ana cheti hai cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, au KCAA kwa Kenya, na kama atawapa marubani wawili. Mimi huhesabu marubani kabla ya injini.

Bei hutajwa kwa saa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Caravan ni rahisi kwa saa, lakini zidisha kwa saa tatu na ushee za Kigoma, kisha ulinganishe na mbili za PC-12. Pengo linapungua sana. Uliza pia ndege inalala wapi. Kama iko Dar na ninyi mko Arusha, mnalipia saa za kuja ikiwa tupu, na za kurudi tupu pia. Ada za kutua, za hifadhi, za ndege kusubiri, zote ziandikwe kabla hujalipa. Na wekeni saa ya kuondoka mbugani, muifuate: viwanja vingi vya huko havina taa, kwa hiyo chakula cha mchana kikivutwa hadi jioni mtalala hukohuko, na chumba cha rubani kitakuwa kwenye bili yenu.