IPv6 usiizime: ushauri wa fundi kwa wenye maduka, ofisi na seva ndogo

Kuna swali naulizwa sana na wateja wa kamera hasa hawa wa Kariakoo, "Fundi, jirani yangu yuko Guangzhou anaangalia duka lake kwenye simu, mie niko Mbagala tu hapa naona kiduara kinazunguka, au umeniwekea kamera feki?" Kamera sio feki mama. Ingia kwenye rauta, angalia palipoandikwa WAN (upande wa rauta unaotoka nje), kama IP, yaani ile anwani ya namba ya kwenye intaneti, inaanza na 100 halafu namba inayofuata iko kati ya 64 na 127 basi hata ufungue porti (milango ya kuingilia kutoka nje) zote hutoboi, maana hiyo IP sio ya kwako peke yako, kampuni ya mtandao imewarundika wateja kibao nyuma ya IP moja ya nje. Mafundi tunaiita CGNAT. Ni kama nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, umeme mnapata wote ila mpangaji mmoja akipikia jiko la umeme kutwa nzima mnanuniana nyumba nzima, na ndo maana saa nyingine unafungua Google inakwambia thibitisha wewe sio roboti wakati hujafanya lolote, kuna mwenzako huko ameharibu.

Tumefikaje hapa? Anwani za IPv4, huu mfumo wa zamani wa IP, ni kama bilioni 4.3 hivi, basi, hakuna zaidi. Stoo kuu ya dunia, yaani IANA, ilitoa mafungu yake ya mwisho Februari 2011, Ulaya wakaishiwa kabisa Novemba 2019, sisi Afrika wagawaji wetu AFRINIC kule Mauritius wanagawa kwa kubania tangu 2017. Na cha ajabu dawa ilishaandikwa zamani, IPv6, mfumo mpya wenye anwani za kumwaga, iliandikwa kwa mara ya kwanza Desemba 1995! Shida ni kwamba v4 na v6 haziongei moja kwa moja, kifaa cha v4 tupu hakifungui saiti ya v6 tupu mpaka kuwe na kitu cha kutafsiri katikati, kwahiyo ukitaka kuhama huwezi kuzima huku ukawasha kule, lazima uendeshe zote mbili kwa pamoja, kazi mara mbili na faida ya haraka hauioni. Kwa mtazamo wangu CGNAT ndo imechelewesha zaidi, kampuni ikishaifunga yenyewe inapumua, anayehangaika ni wewe mwenye kamera.

Sasa mteja mwenye shida ya kamera nafanyaje. Kwanza naangalia kama mtandao wake una v6, maana kampuni nyingine wameshawasha kimya kimya bila tangazo. Kwenye simu au kompyuta tafuta anwani ndefu yenye nukta pacha na herufi, ikianza na fe80 hiyo isikudanganye, ni ya humo humo ndani tu haitoki nje, ya kweli inaanza na 2 au 3, na kwa huku kwetu mara nyingi utaona 2c0f mwanzoni. Ukiikuta shukuru. Ila kumbuka na simu ya kuangalizia lazima iwe kwenye mtandao wenye v6, la sivyo unarudi kwenye kuomba IP ya kudumu ya v4 na kuilipia kila mwezi, au unapitisha kamera kwenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti) ya seva ndogo ya kukodi.

Jambo ambalo linanikera kwa mafundi wenzangu ni hii tabia ya kuzima IPv6 kila mtandao ukiwa mzito. Brauza za siku hizi zinajaribu v6 kwanza, ikichelewa kama robo sekunde inaanza na v4 pembeni, itakayowahi ndo inatumika, kwahiyo ukiona uzito tafuta sababu, mara nyingi ni DNS (inayogeuza jina la saiti kuwa IP) au wifi yenyewe.

Lakini ukiiwasha, fayawoli (mlinzi anayechagua nini kiingie kutoka nje)! Hapa naomba usome polepole. Kwenye v4 umezoea NAT (vifaa vyako vyote kutokea kwenye IP moja) inakuficha hata kama hujui unachofanya, kwenye v6 kila kamera na kila printa inaweza kuwa na anwani yake inayofikika kutoka nje. Kwenye seva ya Linux, sheria za fayawoli ulizoandika kwa iptables hazigusi v6 hata kidogo, kuna ip6tables yake, au hamia nftables uandike meza ya inet ikamate zote mbili. Kwenye rauta za MikroTik nako ni hivo hivo, fayawoli ya IPv6 iko menyu yake peke yake, nimeshakuta ofisi ambayo upande wa v4 umefungwa kama benki, upande wa v6 sheria hakuna hata moja na ukurasa wa kulogin rauta unafunguka kutoka popote. Ila usiende kuua ICMPv6 (jumbe za vifaa kupeana taarifa za mtandao) yote kwa hasira, v6 inaitegemea kujuana na jirani na kupima saizi ya paketi, ukiifunga utaona saiti zingine zinafunguka zingine zinaganda nusu na utakesha.

Wenye saiti: ukihamisha hosti usibadilishe rekodi ya A (inayoelekeza jina la saiti kwenye IP ya v4) tu ukaiacha AAAA (ya v6) inaelekea seva ya zamani. Wewe mwenye v4 utaona saiti mpya, mteja mwenye v6 anaona ya zamani, mnabishana kwenye simu na wote mko sahihi. Na kama unatuma barua pepe kwa v6 bila rekodi ya PTR (inayoonyesha IP hiyo ni ya jina gani), Gmail wanakukatalia kweupe.

Siku ukienda kusaini mkataba wa fiba ya ofisi usiulize tu "mna IPv6?", hapo watu wa mauzo wote wanasema ipo. Uliza wanakupa /56 au /64 moja, huo ni ukubwa wa fungu la anwani, namba ikiwa ndogo fungu ni kubwa. Ukipewa /64 moja tu hutaweza kutenganisha vizuri kamera, wafanyakazi na wifi ya wageni, maana kila mtandao mdogo unataka /64 yake, na ukiwa na /56 unazo 256. Anwani zipo za kumwaga, kwahiyo akikwambia hiyo ni huduma ya gharama ya ziada, omba kuongea na fundi wao.